UZI: Stesheni ya Kisumu, ama kwa nini kila msimu wa kura kuna mtu anatuahidi reli

1. Kanuni za uzi huu mnazijua: hatutaji mwanasiasa aliye hai, hatutaji chama. Tunachukua suala ambalo watu wanarushiana maneno juu yake, tunalifungua, halafu kila mtu anaenda kupiga kura na akili zake. Leo ni reli. Na kwa sababu mimi ni mtoto wa Kisumu, tutaitazama kutoka stesheni ninayoijua.

2. Imeanza hivi. Wiki jana nilikuwa ndani ya matatu kutoka Kondele, redio imefunguliwa, kuna mjadala. Msikilizaji mmoja akapiga simu: "Sisi huku tumesahaulika, reli haijawahi kutufikia." Mwingine naye, sijui alipigia wapi, akajibu: "Nyinyi mlipewa reli kabla ya wengi, mkafanya nini nayo?" Gari lote likalipuka. Kondakta akawa na msimamo, mama wa omena akawa na msimamo, mimi mwanafunzi wa sayansi ya siasa nikanyamaza kwa sababu sikuwa na uhakika. Nikashuka nikiwa nimeona aibu. Huu uzi ndio jibu ambalo ningelitoa siku hiyo.

3. Kwa kifupi, kabla hamjachoka: wote wawili walikosea. Reli ilitufikia zamani sana. Lakini haikuja kwa ajili yetu, na ilipopunguzwa umuhimu, si sisi tuliokata shauri. Hayo mambo mawili ukiyashika, nusu ya kelele za reli zinakwisha.

4. Tuanze mwanzo. Ujenzi ulianzia Mombasa 1896. Nairobi ilifikiwa Mei 1899, wakati ikiwa bado ni uwanda wenye kinamasi, hakuna mji. Desemba 1901 reli ikagusa maji ya Ziwa Viktoria, hapa kwetu. Mahali hapo pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa Ronald Preston, aliyekuwa anasimamia kazi ya kutandika reli. Jina halikudumu. Watu waliendelea kuita Kisumu, jina ambalo simulizi nyingi zinaliunganisha na kwenda kutafuta chakula na kubadilishana bidhaa. Maana yake ni kwamba soko lilikuwepo kabla ya stesheni. Hilo tuliweke kando, tutalihitaji.

5. Gharama ya kufika hapa haikuwa ndogo. Zaidi ya wafanyakazi 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi chini ya mkataba. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Maelfu wengine walirudishwa makwao wakiwa wagonjwa ama walemavu. Sehemu ya mwisho, kuteremka kutoka Mau hadi ziwani, ni mlima mtupu: Mau Summit ni zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama mita 1,135. Kati ya Mau Summit na Fort Ternan kulijengwa madaraja 27 ya chuma. Ukisikia mtu anasema reli ya kwenda magharibi ni rahisi, ni maneno tu ya kampeni, mwambie akaangalie hayo madaraja.

6. Na si mlima tu. Wanandi waliipinga reli kwa miaka mingi, wakichukua nyaya za simu na vyuma. Serikali ya kikoloni ilituma jeshi mara kwa mara. Oktoba 1905, Orkoiyot Koitalel arap Samoei aliuawa kwa kupigwa risasi katika mkutano ambao yeye aliambiwa ni wa kutafuta amani. Baada ya hapo Wanandi waliondolewa karibu na njia ya reli. Kwa hivyo mtu wa Kapsabet na mtu wa Kisumu wanaweza kutazama chuma kilekile na kila mmoja akaona historia tofauti. Mijadala yetu ya kitaifa ingepoa sana kama tungekumbuka hilo.

7. Sasa swali la mtihani. Reli hii iliitwaje? Reli ya Uganda. Na ilipofika Kisumu Desemba 1901, Kisumu ilikuwa wapi? Uganda! Haikuwa mzaha. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulishuka hadi karibu na Naivasha. Aprili 1902 Waingereza walichukua mkoa huo wote wakauhamishia himaya ambayo baadaye ilikuja kuwa Kenya, reli nzima iwe chini ya utawala mmoja. Hakuna mtu wa huku aliyeulizwa. Ulilala Uganda ukaamka kwingine, kwa sababu ya ratiba ya treni.

8. Mnaweza kusema hayo ni mambo ya kale. Ngojeni. Februari 1976 rais wa Uganda wa wakati huo alisimama akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda, akitumia historia hiyohiyo ya 1902. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Wakenya waliokuwa wanafanya kazi Uganda wakaanza kuangalia nyuma wanapotembea.

9. Mmoja wao alikuwa babu yangu. Babu aliajiriwa na reli miaka ya 60, hapahapa Kisumu. Kazi yake ilikuwa kuvuta zile leva za kubadilisha njia ya treni. Akahamishiwa Tororo, akakaa huko, akajua Kiganda kidogo na marafiki wengi. Alirudi nyumbani 1976 na sanduku moja la bati. Nikiwa mdogo nilimuuliza, "Babu, mbona ulirudi?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, mpaka uliwahi kuhamishwa ukiwa umelala. Ukisikia watu wanaanza kuuzungumzia tena, unafunga sanduku." Nilidhani ni fumbo la wazee. Nilikuja kuelewa nikiwa mwaka wa pili chuoni.

10. Turudi stesheni. Miaka ishirini na tano ya kwanza, Kisumu ilikuwa mwisho wa dunia na mwanzo wa dunia nyingine. Treni inafika, mizigo inapandishwa meli, meli inakwenda Entebbe, Jinja, Bukoba, Mwanza. Hata bidhaa za Mwanza na Bukoba, zikiwa chini ya Wajerumani, nyingi zilipitia hapa kwenda Mombasa. Meli zenyewe zililetwa vipande vipande zikaunganishwa hapa bandarini. Pamba, ngozi, ufuta, vyote vilipita hapa. Mji ulikua kwa sababu mizigo ilikuwa lazima isimame.

11. Lakini tazama jinsi ulivyokua. Wazungu mlimani, penye hewa. Wahindi katikati, penye maduka. Mwafrika pembeni, ama ng'ambo ya reli. Ndani ya treni ni vilevile: daraja la kwanza la mzungu, la pili la Mhindi, la tatu ni sisi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa miaka hiyohiyo reli inafika, na ili uipate pesa ya kulipa, ilibidi ukatafute kibarua. Kibarua kiko wapi? Mashambani kwa walowezi, na unafikaje huko? Kwa treni. Kwa hivyo pale redioni mtu akisema "mlipewa reli," mimi nauliza: mlipewa, ama mlipakiwa?

12. Halafu yakaja maamuzi ya miaka ya 1920, na hapa ndipo pa kusoma polepole. Serikali ya kikoloni iliamua reli ya kwenda Uganda isipitie tena ziwani. Njia mpya ikatoka Nakuru ikapanda Timboroa, ikafika Eldoret 1924, ikaendelea hadi Tororo, na mwanzoni mwa 1931 ikafika Kampala. Walowezi wa Uasin Gishu walikuwa na sauti, na walitaka reli mlangoni kwao. Hata wakati ule watu walibishana kuhusu njia hiyo na gharama zake. Ubishi wa "reli imepindishwa ipite kwa fulani" una miaka mia moja, wadau. Hatukuuvumbua sisi.

13. Matokeo yake? Kisumu ikageuka kuwa tawi. Jana yake ulikuwa mwisho wa njia kuu, leo wewe ni kona. Mzigo wa Kampala haukuhitaji tena kushuka hapa. Tukaongezewa kipande cha kwenda Butere, kupitia Luanda na Yala, na hicho kiliwasaidia sana wafanyabiashara wadogo. Nyanya yangu alikuwa anapanda treni ya Butere na vikapu vya samaki, anarudi na mahindi na ndizi. Kumbukeni lile jina la Kisumu, kubadilishana chakula. Kwa miongo kadhaa treni ilifanya kile ambacho soko lilikuwa linafanya kabla yake, na hilo halikuwa kwenye mpango wa mhandisi yeyote.

14. Baada ya uhuru kulikuwa na matumaini ya kweli. Reli ilikuwa mali ya nchi tatu pamoja. Miaka ya 60 ziliundwa meli kubwa za kubeba mabehewa, behewa linaingia melini na mzigo wake bila kushushwa. Ya Kisumu iliitwa Uhuru, ya Mwanza iliitwa Umoja. Majina yenyewe yanakuambia watu walikuwa wanawaza nini. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mali zikagawanywa, na mwaka uliofuata Kenya ikaanzisha shirika lake la reli.

15. Kuanzia hapo ni kuteremka, na hakuna mkosaji mmoja. Barabara zilipata pesa, reli ikapata hotuba. Malori yalichukua mizigo. Miaka ya 90 gugumaji lilifunika ghuba mpaka meli zikashindwa kutoka. Novemba 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25, na 2017 mkataba huo ukavunjwa kabla hata ya nusu yake. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli Kibera, na Uganda nzima ikahisi. Kumbe reli tunayoiita imekufa ilikuwa bado inawalisha majirani.

16. Treni ya abiria ya Kisumu ikasimama kwa kama miaka kumi. Mimi nimekulia katika miaka hiyo. Stesheni nilikuwa naijua kama mahali pa kupita mkato, nyasi zimepita goti, mbuzi juu ya mataruma. Babu alikuwa ananituma dukani, na nikichelewa anajua nilipitia huko. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Leva zangu zipo?" Namwambia zipo, zina kutu. Anatikisa kichwa.

17. Kisha ikaja reli ya kisasa. Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 472, ilizinduliwa mwisho wa Mei 2017. Kipande cha pili, kilomita 120 hivi, kilifunguliwa Oktoba 2019, kikaishia upande wa Naivasha. Sehemu kubwa ya pesa ni mkopo kutoka benki ya Exim ya Uchina. Mpango ulikuwa kuendelea hadi Kisumu, na baadaye Malaba. Mkopo wa kipande cha Kisumu haukutoka wakati huo, na njia ikasimama pale. Tangu siku hiyo, "tutaifikisha Kisumu" limekuwa sentensi ya lazima kwenye kila jukwaa la huku, kama sala ya kufungulia mkutano.

18. Badala yake reli ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu ikakarabatiwa, bandari pia, na meli ya Uhuru, iliyokaa miaka mingi bila kazi, ikarudi majini mwisho wa 2019 ikibeba mafuta kwenda Uganda. Desemba 2021 treni ya abiria ikarudi. Ratiba ilipoanza: Ijumaa jioni kutoka Nairobi, Jumapili kurudi. Usiku kucha njiani. Watu walijaa stesheni kuilaki, wazee wamevaa suti. Babu alikataa kwenda. Akasema atakwenda siku ikija Jumanne. Nikamuuliza kwa nini Jumanne. Akasema, "Treni ya Ijumaa ni ya kutembelea watu. Ya Jumanne ni ya kazi."

19. Hapo ndipo sisi wasomi tunahitaji kurasa hamsini na babu alihitaji sentensi mbili. Treni ya mara moja kwa wiki ni nzuri, mimi mwenyewe nimeipanda kurudi nyumbani. Lakini nyanya yangu na vikapu vyake hawezi kupanga biashara kwa treni ya mara moja kwa wiki. Reli iliyojenga mji ni ile iliyopita kila siku, na mizigo. Mgombea akikuonyesha picha ya stesheni inayong'aa, muulize idadi ya treni, si idadi ya vioo.

20. Kuna upande mwingine ambao majukwaani hautajwi. Februari 2021, wakati wa kafyu ya korona, nyumba za jamii ya Wanubi Kibos, kando ya Kisumu, zilibomolewa kwa sababu ardhi ilisemwa ni ya reli. Maelfu ya watu walibaki nje, wakiwemo waliozaliwa hapo, wazazi wao wakazaliwa hapo. Ukweli ni kwamba ardhi ya reli iko kwenye ramani tangu ukoloni. Ukweli pia ni kwamba treni zilipoacha kupita, watu waliishi, na serikali zilizofuatana ziliwaona zikanyamaza. Kwa hivyo tukipiga makofi "reli irudi," tujue kuna mtu analala juu ya hiyo reli. Swali la fidia na pa kuhamia linaulizwa kabla ya tingatinga, si baada.

21. Na nani analipa? Reli ya kwanza ilijengwa kwa zaidi ya pauni milioni 5, pesa za mlipa kodi wa Uingereza, huku Mwafrika akilipa kwa ardhi, kwa kodi ya nyumba na kwa kibarua. Ya sasa ni mkopo, na tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazoingia nchini, ulioanza kwa asilimia 1.5. Huo ushuru haumuulizi mtu kama amewahi kupanda treni. Mtu wa Lodwar anayenunua mtungi wa plastiki ulioagizwa kutoka nje anachangia. Kwa hivyo reli si zawadi ya mkubwa yeyote kwa eneo lolote. Ni kitu tunachonunua pamoja. Asiwepo mtu wa kutuuzia mara mbili, mara ya pili kwa kura.

22. Basi turudi kwenye ile matatu. Yule wa kwanza, "reli haijawahi kutufikia": ndugu yangu, ilifika 1901, ila ilikuja kuchukua, na ilipopata njia nyingine ikatuacha. Yule wa pili, "mlifanya nini nayo": rafiki, kwa miaka sitini hatukuwa na sauti ya kuamua ipite wapi, na mama zetu bado waliweza kuigeuza soko. Maumivu ya wa kwanza ni ya kweli ingawa historia yake imepinda. Swali la wa pili ni halali ingawa limeulizwa kwa dharau. Tukishatenganisha hayo, tunaweza kuongea.

23. Maswali matano ya kubeba kwenye mkutano wowote mwaka huu, uwe unampenda mgombea ama humpendi:
Moja, treni ngapi kwa wiki, na ngapi za mizigo?
Mbili, mzigo gani utajaza hayo mabehewa, unatoka wapi unaenda wapi?
Tatu, pesa ni ya mkopo, ya ushuru ama ya mwekezaji, na masharti yako wapi tusome?
Nne, watakaohamishwa ni akina nani, wanahamia wapi, lini wanalipwa?
Tano, reli ya zamani itafanyiwa nini, ikiwemo ya Butere? Usijenge mpya ukaua ile inayopita kwa maskini.
Asiyeweza kujibu hata mawili, huyo ana wimbo tu.

24. Kuna watu wataniambia, "Wewe ni mtoto, historia haijazi tumbo." Sawa. Lakini kila mara tumeahidiwa reli bila kukumbuka ya kwanza, tumeanza mjadala kutoka sifuri, na anayefaidika na sifuri ni yule mwenye kipaza sauti.

25. Babu bado yuko, ana miaka inayokaribia themanini, masikio yamepungua. Juzi nilimsomea uzi huu wote kabla sijauweka, kwa sauti, karibu na sikio. Alinisahihisha mahali pawili, mengine akaacha. Nilipomaliza akauliza, "Jumanne bado?" Nikamwambia bado. Akasema basi niandike hivyo hivyo: bado.

Haya, wadau. Kama familia yako ilikuwa na mtu wa reli, iwe Voi, Nakuru, Eldoret, Butere ama popote, tuandikie hapa chini alifanya kazi gani na treni ya mwisho aliyoiona ilipita mwaka gani. Wiki ijayo tunafungua suala la ugavi wa pesa za kaunti. Njooni na subira.